Kumfuata Babu Hadi Kwenye Daftari la Parokia: Mwongozo wa Kutafuta Ukoo wa Kiingereza

Wanangu wana mababu wa pwani upande wangu, na upande wa baba yao wana mababu wa Norfolk, mashariki ya Uingereza. Upande wangu kazi ilikuwa nyepesi: bibi alikaa mkekani akahesabu fulani bin fulani bin fulani mpaka jina la saba. Upande wa pili, lilipofika jina la tatu watu walinyamaza. Ikanibidi niwatafute waliobaki kwenye madaftari ya kanisa, na huu ni mwaka wa sita. Nawaandikia wenye haja kama yangu: wajukuu wa fundi wa reli, wa mmisionari, wa bwana shamba wa zamani, na wale waliooa au kuolewa huko.

Nianze na kosa lililonifunza. Nilimpata William, amebatizwa 1788 kwenye parokia niliyoitaka, jina la baba sawasawa. Nikamwandika kwenye shajara ya ukoo, nikapandisha juu yake vizazi vitatu. Mwaka mzima baadaye nikafungua daftari la maziko la parokia ileile: William, mwana wa Robert na Ann, amezikwa 1791. Mtoto wa miaka mitatu. Vizazi vyote nilivyovipandisha vilikuwa vya watu wengine. Tangu siku ile sharti langu ni moja: jina kufanana si undugu, na hakuna anayeingia kwenye shajara kabla sijasoma maziko.

Hatua ya kwanza: anzia nyumbani

Waulize wazee leo, si mwakani. Tafuta cheti cha ndoa, Biblia yenye majina yaliyoandikwa ndani ya jalada, barua, picha yenye maneno mgongoni. Kama babu alifunga ndoa Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam wakati wa Waingereza, kitafute cheti hicho kwa udi na uvumba, maana mara nyingi kina jina la baba yake na kazi yake. Kila unachoandika, andika na kilikotoka: kauli ya shangazi iandikwe kuwa ni kauli ya shangazi, isije ikageuka kuwa hati.

Hatua ya pili: rudi nyuma mpaka 1837

Usiyaparamie madaftari ya kanisa. Serikali ya Uingereza ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo nchini Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Kutoka leo hadi hapo, pita kwenye vyeti na sensa, kizazi kimoja baada ya kingine bila kuruka.

Cheti cha ndoa ndicho chenye faida zaidi, kwa sababu kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao. (Majina ya mama yaliingizwa 2021 tu.) Kwa vizazi, faharasa ya General Register Office, ofisi ya serikali inayotunza uandikishaji huo, inafunguliwa mtandaoni bila malipo na inaonyesha jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, hata kwa watoto wa 1837. Hilo peke yake hukutenganishia familia mbili zenye jina moja katika mji mmoja.

Sensa ilifanywa kila miaka kumi, na ya kwanza yenye msaada kwetu ni ya 1841. Itumie kwa hadhari: umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida uliteremshwa kwenye tano ya chini, hivyo mtu wa miaka 39 akaandikwa 35, na mahali pa kuzaliwa waliulizwa tu kama ni kaunti ileile. Sensa ya 1851 ndiyo iliyouliza parokia ya kuzaliwa. Mtafute mzee wako wa zamani aliyekuwa hai mwaka huo. Aliyezaliwa 1785 na akafika 1851 ndiye daraja lako, na parokia atakayoitaja ndiyo mlango wa kuingilia.

Hatua ya tatu: ijue parokia na mahali daftari lilipo

Parokia haikuwa kanisa tu. Ilikuwa serikali ya mtaa: ilitoza kodi ya maskini, ilitengeneza barabara, ilijua nani ni wake na nani mgeni. Uingereza ilikuwa na parokia za kale zaidi ya 10,000, nyingine ndogo kama kijiji cha nyumba thelathini. Tafuta ramani ya parokia za kaunti yako, kisha zizungushie duara zile ambazo mtu angefika kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. Vibarua wa mashamba walihamahama ndani ya duara hilo kila mwaka, na harusi mara nyingi ilifungwa kwenye parokia ya mwanamke, si ya mwanamume.

Madaftari yaliyozidi miaka mia kwa kawaida hayako tena kanisani. Kwa sheria ya 1978 yalihamishiwa kwenye ofisi za kumbukumbu za kaunti: ya Norfolk yako Norwich, ya London mengi yako The London Archives. Mtandaoni, tovuti ya FamilySearch haina malipo, ingawa picha nyingine hufunguka tu ukiwa kwenye vituo vyao. FreeREG nayo ni ya bure, imenakiliwa na watu wa kujitolea. Ancestry na Findmypast ni za kulipia, na kila moja ina kaunti zake kwa mkataba, kwa hiyo angalia kwanza kaunti yako iko kwa nani ndipo utoe pesa. Walio Uingereza waulize maktaba ya umma ya mtaani, nyingi zinakuruhusu kuzitumia bure ukiwa humo ndani.

Lolote utakalolipata kwenye faharasa, fungua picha ya ukurasa wenyewe. Faharasa ni macho ya mtu mwingine.

Hatua ya nne: ujue daftari la kila zama linaficha nini

Aliyeyaanzisha madaftari haya ni Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, kwa agizo la Septemba 1538: kila kasisi aandike kila Jumapili ubatizo, ndoa na maziko ya wiki hiyo, na kitabu kiwekwe kwenye sanduku lenye kufuli mbili. Wengi waliandika kwenye karatasi hafifu. Mwaka 1598 ikaamriwa yote yanakiliwe kwenye vitabu vya ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka alioanza kutawala Malkia Elizabeth. Ndiyo maana madaftari mengi yanaanza 1558 na si 1538, na ndiyo maana mwandiko wa miaka arobaini ya mwanzo mara nyingi ni wa mkono mmoja: unasoma nakala, na mnakili huchoka. Amri hiyohiyo ilitaka nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Kariri jambo hilo, litakufaa panya wakishakula ukurasa wako.

Kati ya 1642 na 1660, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala usio na mfalme, parokia nyingi zina pengo. Kuanzia 1653 ndoa zilifungwa mbele ya mahakimu, na kitabu kikakabidhiwa kwa mwandishi wa kiraia.

Sheria ya ndoa iliyoanza kazi 25 Machi 1754 ni neema. Tangu hapo ndoa iliandikwa kwenye fomu, na sahihi za wanandoa na mashahidi wawili. Asiyejua kuandika aliweka alama ya X. Waliosamehewa kuoa kwenye kanisa la Anglikana ni Wayahudi na Waquaker, hawa wa Kanisa la Marafiki wanaojulikana sana Kaimosi na magharibi ya Kenya. Wengine wote, hata Wakatoliki, ilibidi waende kwa kasisi wa Anglikana ndoa yao itambulike kisheria, basi usishangae ukimpata Mkatoliki humo.

Mwaka 1783 ilitozwa kodi ya peni tatu kwa kila ingizo, na maskini hawakulipa. Wazazi wakakimbilia kubatiza kabla kodi haijaanza Oktoba, na baada ya hapo wengine wakangoja mpaka ilipofutwa 1794. Ukiona watoto wanne wa nyumba moja wamebatizwa siku moja, si mapacha wanne.

Mwisho ni 1813, fomu za chapa: ubatizo una majina ya wazazi, makazi na kazi ya baba, na maziko yana umri na makazi. Kabla ya hapo utashukuru ukipata jina la mama.

Hatua ya tano: kusoma mwandiko, Kilatini na tarehe

Mwandiko wa karne ya 16 na 17 unatisha wiki mbili, kisha jicho huzoea. Tafuta maneno unayoyajua kwenye ukurasa, kama majina ya miezi, na uyatengenezee alfabeti ya karani huyo. Herufi s ndefu inafanana na f. Herufi e mara nyingi imegeuzwa mgongo. Jina la ukoo lisome kwa sauti kabla ya kuamua kuwa si lenu, maana karani aliandika alichosikia, na Clark, Clarke na Clerke wanaweza kuwa mtu na mtoto wake.

Kilatini kilitumika sana kabla ya 1733, lakini maneno ni machache. Filius ni mwana wa kiume, filia wa kike. Baptizatus amebatizwa, sepultus amezikwa, uxor ni mke, vidua ni mjane. Majina hugeuka: Gulielmus ni William, Jacobus ni James, Carolus ni Charles.

Tarehe ndizo zinazoangusha watu. Mpaka 1751 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Kwa hiyo daftari linatoka Desemba 1700 linaingia Januari 1700, Februari 1700, na 1701 inaanza mwishoni mwa Machi. Tarehe yoyote kati ya 1 Januari na 24 Machi iandike kwa miaka miwili, hivi: 1700/1701. Usipofanya hivyo utaona mtoto amezikwa kabla ya kuzaliwa. Mwaka 1752 kalenda ilibadilishwa, na baada ya tarehe 2 Septemba ikafuata 14. Siku kumi na moja hazipo.

Zaidi ya hayo, karani alipenda kuandika 7ber, 8ber, 9ber na Xber. Hizo ni Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba kwa hesabu ya Kirumi, si Julai hadi Oktoba. Waquaker nao waliita Machi mwezi wa kwanza. Sisi tunaojua kwamba Mfungo Mosi si mwezi wa kwanza wa Hijra hatuna sababu ya kuhangaika hapo.

Hatua ya sita: ijenge nyumba nzima, usivute kamba ya majina

Hapa ndipo penye kazi. Watu huvuta uzi mmoja, baba, babu, baba wa babu, na uzi mmoja hukatika. Mimi nakusanya nyumba: watoto wote wa wazazi hao, maziko yao, ndoa zao, mashahidi wao. Nyumba ikikamilika, yule John wako anajitenga na Yohana wengine wote wa kijiji.

Jizoeze kwanza kwa familia ambayo majibu yake yanajulikana. Mimi nilijifunza kwa familia ya Shakespeare kwenye daftari la Holy Trinity, Stratford-upon-Avon, kwa sababu picha zake zimewekwa wazi mtandaoni na ndani yake mna karibu kila mtego.

Tarehe 26 Aprili 1564 limeandikwa: Gulielmus filius Johannes Shakspere. Huo ni ubatizo. Siku ya kuzaliwa haimo, na kinachosemwa kuhusu siku hiyo ni makisio. Ukurasa wa maziko wa Julai mwaka huohuo, pembeni ya jina la mwanagenzi wa mfumaji, kuna maneno matatu: Hic incepit pestis, yaani hapa ilianza tauni. Karani hakulazimika kuandika hayo. Soma pembezoni siku zote.

Sasa wapange watoto wa John Shakespeare. Joan alibatizwa 1558. Margaret alibatizwa Desemba 1562, akazikwa Aprili 1563. William 1564, Gilbert 1566. Halafu 15 Aprili 1569, Joan tena. Waingereza walirudia jina la mtoto aliyefariki, basi Joan wa kwanza alikwisha kufa ingawa maziko yake hayaonekani daftarini. Anne wa 1571 alizikwa 1579. Ubatizo wa Richard, 11 Machi, kwa hesabu ya zamani ni 1573 na kwa yetu ni 1574. Edmund alifuata 1580. Umeona? Mtu aliyetafuta ubatizo wa William peke yake angepata mstari mmoja. Aliyekusanya nyumba amepata mama aliyezaa watoto wanane na kupoteza binti watatu.

Ndoa ya William haimo kwenye daftari la Stratford. Inapatikana kwa askofu, Worcester: leseni ya 27 Novemba 1582 inamtaja mwanamke kuwa Anne Whateley wa Temple Grafton, na dhamana ya pauni 40 ya siku iliyofuata inamtaja Anne Hathwey wa Stratford. Wengi huona karani wa leseni alikosea tu. Hati mbili, siku mbili, ofisi moja, na jina limebadilika. Susanna, binti yao wa kwanza, akabatizwa 26 Mei 1583, miezi sita baadaye. Katika vijiji vya Kiingereza hilo lilikuwa jambo la kawaida, kwa hiyo usimfute mtoto kwenye ukoo kwa sababu hesabu ya miezi imekuudhi.

Binti mwingine, Judith, aliolewa 10 Februari, na kwa mwaka wa zamani ni 1615. Baba yake alizikwa 25 Aprili 1616. Asiyejua kalenda ataona mwaka na zaidi kati ya harusi na msiba. Ukweli ni miezi miwili na nusu.

Edmund mdogo alikwenda London kuwa mwigizaji. Agosti 1607, katika St Giles Cripplegate, alizikwa mtoto: Edward, mwana wa Edward Shackspeere, mwigizaji, mtoto wa nje ya ndoa. Watafiti wengi huona huyo baba ni Edmund ambaye jina lake limekosewa. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo Edmund naye akazikwa St Saviour's, Southwark. Daftari la maziko linasema machache, lakini kitabu cha malipo cha kanisa kinaongeza kwamba kengele kubwa ilipigwa kabla ya mchana, kwa shilingi ishirini. Kitabu cha pesa kilihifadhi kilio ambacho daftari la maziko halikuandika. Ukifika kwenye ofisi ya kumbukumbu, omba hesabu za wazee wa kanisa, usiombe daftari tu.

Hatua ya saba: njia ikizibwa

Kwanza nenda kwenye nakala za askofu. Kisha vitabu vya matangazo ya ndoa, vilivyosomwa Jumapili tatu kama tunavyotangaziwa makanisani mwetu, maana vinataja parokia za wote wawili. Kisha wasia, hata wa mjomba tajiri, kwa kuwa hutaja wajukuu na wapwa.

Kama wako walikuwa maskini, usikate tamaa, maana maskini ndio walioandikwa zaidi. Kwa sheria ya 1662 parokia iliweza kumrudisha mtu alikotoka asije akala kodi ya maskini. Kabla ya kumfukuza, mahakimu walimhoji: alizaliwa wapi, alifanya kazi kwa nani, alikaa mwaka mzima au la, alioa wapi, watoto wangapi na wana umri gani. Majibu yake yaliandikwa. Mwanamke mjamzito asiye na mume naye alihojiwa ataje baba wa mtoto, ili baba huyo alipe. Ni karatasi za ukatili, na ni humo tu tunapowasikia wakieleza maisha yao wenyewe. Ziko pamoja na kumbukumbu za parokia, kabla ya 1834.

Na kwa wanaotafuta Waafrika humo: wamo. Tarehe 3 Juni 1597, St Botolph Aldgate, London, alibatizwa Mary Fillis, mwanamke mweusi wa miaka kama ishirini, mtumishi wa mshonaji. The London Archives imetoa orodha ya watu wenye asili ya Afrika, Karibiani na Asia iliyokusanya kutoka madaftari ya 1561 hadi 1840, na inapatikana bure.

Ukienda mwenyewe kwenye ofisi ya kumbukumbu, agiza mapema, beba kitambulisho, na uchukue penseli. Kalamu ya wino haiingii.

William wangu wa kweli nilimpata kwenye mahojiano ya namna hiyo, ya 1822. Alisema alizaliwa parokia ya tatu kutoka ile niliyoikazania, akaajiriwa mwaka mzima na mkulima mmoja, akaoa, ana watoto wanne. Nikafungua daftari la ndoa la parokia aliyoitaja: sahihi yake ni X, mstari wa pili umekatizwa katikati, kama mkono uliotulia kidogo ukaendelea. Nikafungua maziko ya parokia alikozaliwa, mwaka kwa mwaka hadi siku ya ndoa. Hayumo. Ndipo nikamwandika.

Yule William mdogo wa 1788 sikumfuta. Yuko pembeni ya ukurasa, na tarehe zake mbili.